Paka wa miaka 12 apasuliwe ubongo?

MAMA mmoja wa mtaa wa South B ameniandikia barua ndefu kuhusu paka wake wa umri wa miaka 12. Tangu mwezi jana, asema, paka huyo anazunguka upande mmoja tu kama aliyefungwa kamba, anajigonga kwenye viti, na juzi aliangushwa na kifafa mara mbili usiku mmoja. Daktari wa mifugo amemwambia kwamba huenda kuna uvimbe kichwani, na kwamba wako wanyama wanaopasuliwa kwa shida hiyo.

Binti yake, mwanafunzi wa shule ya upili, anataka paka atibiwe kwa vyovyote vile. Baba watoto naye anauliza ni nani aliyewahi kusikia paka akifunguliwa kichwa wakati karo ya muhula haijakamilika. "Nikikubali," auliza mama huyu, "nitakuwa nimemwokoa au nimemtesa?"

Swali ni zito, na mimi simcheki baba wa nyumba. Lakini kabla ya kutaja kisu, kuna mambo ya kuondoa njiani. Hapa kwetu mnyama anapobadilika tabia ghafla, hofu ya kwanza ni kichaa cha mbwa, ambacho humpata paka vilevile. Ikiwa amemuuma au kumparuza mtu, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15 na mtu huyo afike hospitali siku iyo hiyo. Pia, paka mzee huweza kupofuka kwa shinikizo la damu, akajigonga kila mahali. Na wako wanaompaka paka dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrin, bila kujua kwamba kwa paka hiyo ni sumu kali inayoleta mtetemeko na kifafa.

Ikiwa ni uvimbe kweli, basi mwenye paka ana nafuu kuliko mwenye mbwa. Uvimbe unaoonekana zaidi katika ubongo wa paka ni meninjioma. Huu huota kwenye utando unaofunika ubongo, hukua polepole, na aghalabu husukuma ubongo bila kuuchimba. Ukiwa juu, mpasuaji hufungua dirisha dogo kwenye fuvu na kuutoa, takriban kama unavyotoa kokwa ya avokado iliyoiva. Lakini ni lazima kwanza paka apigwe picha kwa mashine ya MRI au CT, na hata kwa picha hiyo kwa kawaida hutiwa nusukaputi.

Hatari zipo, tusidanganyane. Damu huweza kuvuja ndani ya fuvu, ubongo ukavimba, au paka asizinduke. Wengine hupungukiwa na damu wakahitaji kuongezwa. Siku chache za mwanzo ndizo za roho mkononi. Ripoti moja ya Marekani ya mwaka 1994 ilieleza kuhusu paka 42 waliotolewa meninjioma. Wanane walikufa muda mfupi baada ya upasuaji. Hata hivyo, baada ya mwaka mmoja thuluthi mbili hivi walikuwa hai, na baada ya miaka miwili nusu yao. Kwa paka wa miaka 12, miaka miwili si kitu kidogo. Uvimbe huweza kurudi, ingawa si kwa wote.

Kwa mbwa hadithi ni nyingine. Meninjioma yake hupenda kutia mizizi ndani ya ubongo, na mbwa wa pua fupi kama Boxer huelekea kupata glioma, inayoota ndani ya ubongo wenyewe. Mbwa akiamka kutoka kwenye upasuaji huweza kuvuta chakula au matapishi mapafuni akapata nimonia. Ripoti ya mwaka 2002 kuhusu mbwa 31 wenye meninjioma ilionyesha kwamba waliopasuliwa tu waliishi miezi 7 hivi, na waliopewa pia tiba ya miale miezi 16 na nusu. Vifaa vimeboreka tangu hapo, lakini tofauti na paka bado ipo.

Mama, kama figo na moyo wa paka wako ni salama, na umempata mpasuaji aliyekwisha kuifanya kazi hii, mimi ningekubali. Muulize amefungua paka wangapi, wangapi walirudi nyumbani, na nani atakesha naye usiku wa kwanza. Akibabaika, ondoka. Na kama fedha haziruhusu, usione haya. Prednisolone hupunguza uvimbe wa ubongo, phenobarbital huzuia kifafa, na dawa hizo, kwa kipimo cha daktari, huweza kumpa majuma au miezi ya utulivu. Binti aelezwe hivyo waziwazi, asifichwe.

Lakini kifafa mara mbili usiku mmoja si jambo la kungojea jibu la gazeti. Mpeleke kliniki leo. Akianguka tena, zima taa na redio, ondoa viti, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, na utazame saa. Zikipita dakika 5 bado anatetemeka, usingoje kuche.