Mwenye mufumo njo mwenye simu

Vijana wenzangu wa Goma, Bukavu, Bunia, Kisangani, Lubumbashi na kokote muliko,

Kuko habari moja ilipita karibu yetu bila kelele. Tarehe 22 Oktoba 2024, kampuni ya simu ya China, Huawei, ilitoa mufumo wake mupya unaoitwa HarmonyOS NEXT. Ndani ya ule mufumo hamuna tena hata kipande cha Android. Programu iliyotengenezwa kwa ajili ya Android haifunguki humo, inabidi itengenezwe upya.

Wamoja watasema: hiyo inatuhusu nini sisi? Simu mingi tunazobeba huku ni Tecno, Itel na Infinix, na zote ziko Android. Vita iko, mega ziko bei, kazi hakuna. Mimi mwenyewe niko na diplome ya iniversite ndani ya sanduku na sina kazi, kwa hiyo simukatazi mutu kuuliza hivyo. Lakini tuangalie namna gani Huawei ilifika pale, kisha kila mumoja atoe simu yake mufukoni na ajiulize hii kitu iko ya nani.

Kwanza tuelewane. Mufumo wa simu ni ile programu ya musingi inayoamuka wakati unawasha simu. Njo inasimamia skrini, kamera, batri na laini, na njo inaamua programu gani ingine iingie na gani ibaki inje. Wewe ulilipa simu kwa pesa yako, lakini mufumo una mwenyewe, na mwenyewe hakukuuzia. Amekuruhusu tu kuutumia.

Huawei iliona hiyo kwa macho mwaka wa 2019. Tarehe 16 Mei, serikali ya Marekani chini ya Donald Trump iliitia kwenye orodha ya makampuni ambayo kampuni ya Marekani haiwezi kuyauzia teknolojia bila ruhusa. Siku chache tu kisha, ikajulikana kama Google inaacha kufanya kazi nayo. Na hatuongelei kampuni ndogo. Ule mwaka Huawei ilitoa sokoni simu zaidi ya milioni 240, ilikuwa ya pili duniani nyuma ya Samsung. Pesa ilikuwa nayo, mainjinia ilikuwa nao, inchi yenye nguvu ilikuwa nyuma yake. Lakini karatasi moja ilisainiwa Washington, na simu zake za mupya zikakosa Play Store. Zile zilizokuwa zimeshaidhinishwa mbele ziliendelea na Google, lakini Mate 30, iliyotoka Septemba 2019, ilifika sokoni bila hiyo.

Hapa njo penye kitu ambacho nataka tushike vizuri. Android iko na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza iko wazi: kodi yake imewekwa hadharani, na leseni yake inaruhusu mutu yeyote kuichukua, kuisoma, kuibadilisha na kuitia ndani ya simu yake. Sehemu ya pili ni mali ya Google: Play Store, Maps, Gmail, YouTube, na huduma za chini chini ambazo programu mingi zinazitegemea hata kwa kukutumia notifikasio.

Marekani ilipofunga mulango, ni sehemu gani iliondoka? Ni ya pili peke yake. Ile ya wazi hakuna aliyeweza kuinyanganya, juu haina mutu mumoja mwenye ufunguo. Na ni juu ya ile sehemu ya wazi Huawei ilisimama ili isianguke. Paka leo, simu zake zinazouzwa inje ya China zinatumia mufumo uliojengwa juu ya Android ya wazi, bila Google. Kitu kilichokuwa cha wote njo kilibaki. Kile cha mwenyewe kiliondoka siku mwenyewe alipoagizwa akiondoe.

Kujitoa kabisa kuliomba miaka mitano na zaidi. Tarehe 9 Agosti 2019, ku Dongguan, Huawei ilionyesha HarmonyOS mara ya kwanza, na chombo cha kwanza kuupokea kilikuwa televisheni, haikukuwa simu. Tarehe 2 Juni 2021 ukaingia ndani ya simu, lakini walioufungua na kuuchungua walikuta Android ingali ndani, na watu wakacheka: hii ni nguo ya zamani, wamebadilisha tu vifungo. Katikati ya ile safari Huawei ilikatiwa hata chip. Novemba 2020 iliuza Honor, simu zake za bei ya chini. Mapato yake yalianguka kutoka bilioni 891 za yuan mwaka wa 2020 paka bilioni 637 mwaka wa 2021. Agosti 2023 simu ya Mate 60 Pro ikatoka na chip iliyotengenezwa ndani ya China. Oktoba 2024, njo ule mufumo usio na Android.

Na hata pale kazi haikuisha. Mufumo bila programu ni kama soko bila wauzaji: umejenga vibanda, umefagia, lakini mama hatakuja kununua kama hakuna samaki wala sombe. Siku ya kuuzindua, Huawei ilisema kama kuko programu na huduma ndogo ndogo zaidi ya 15.000, lakini WeChat, ambayo Muchina hawezi kukaa siku bila hiyo, ilikuwa ingali katika majaribio. WhatsApp yetu hii haikukuwa na toleo lake. Kwa hiyo musinielewe vibaya. Kutoka ndani ya nyumba ya mutu kuna bei kali.

Lakini kubaki humo nako kuna bei. Mukumbuke Nokia. Wakubwa wetu wote waliibeba. Mwaka wa 2011, ilipoona Android na iPhone zinaikimbia, ilikuwa na mufumo wake wa zamani, Symbian, na mwengine mupya uliokuwa unapikwa, MeeGo. Tarehe 11 Februari ya ule mwaka ilitangaza kama inaacha njia yake na kuingia ndani ya Windows Phone ya Microsoft. Septemba 2013 ikatangaza kama inauzia Microsoft kazi yake ya simu, kwa bilioni 5,44 za euro, na kisha Microsoft yenyewe ikachoka na Windows Phone. Mwisho wa mwaka wa 2019 WhatsApp ikaacha kufanya kazi ndani ya zile simu. Mutu aliyekuwa nayo alishika chombo kizima, skrini haijapasuka, batri inashika moto, lakini hakiwezi tena kumuletea ujumbe. Wazee walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Nokia ilipotea ndani ya nguo ya kuazima.

Sasa, kuko vijana wenye wataruka kushangilia: China oyee, wazungu wameshindwa! Wandugu, tutulie. Mulango umebadilisha mulinzi, lakini bado ni mulango. Duka la programu la Huawei liko mukononi mwa Huawei, chini ya sheria za serikali ya China, na ile serikali haipendi raia wanaokusanyika na kusema. Na Wamarekani je? Oktoba 2019, wakati vijana wa Hong Kong walikuwa barabarani, Apple iliondoa ndani ya duka lake HKmap.live, programu iliyowaonyesha watu mahali polisi iko. Apple ilisema ilikuwa inatumiwa kwa kushambulia polisi. Gazeti za serikali ya China zilikuwa zimeshaisema vibaya. Asubuhi iko, kesho yake haiko. Wale vijana hakuna aliyewauliza.

Sisi hatuhitaji kwenda mbali kwa kuelewa. Januari 2015, watu walipotoka barabarani juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tarehe 31 Desemba 2018, kesho yake ya kupiga kura, ikakatwa tena, na tulikaa karibu wiki tatu bila hiyo. Waliofunga walikuwa wengine, na walifungia mahali pengine, lakini sisi tulijikuta pale pale: sauti yetu yote tuliiweka nyuma ya mulango mumoja, na ufunguo hatuna.

Na kuko kitu kinachouma zaidi. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka katika inchi hii, na bila kobalti batri mingi za simu hazitengenezwi namna tunazijua. Koltani ya Rubaya, kule Masisi, inatoa tantale inayoingia ndani ya vipande vidogo vya kila namna ya simu, iwe ya Marekani iwe ya China. Wakati Washington na Beijing wanagombana nani atakuwa na mufumo, wote wawili wanakuja kuchimba mulimani kwetu. Mwili wa simu unatoka hapa. Ubongo wake unaamuliwa California na Shenzhen, na ndani ya ile mazungumuzo Congo haina hata kiti.

Basi tufanye nini? Sitawadanganya kama tutatengeneza mufumo wetu wa simu. Huawei ilikuwa na mabilioni na soko la watu zaidi ya bilioni moja na milioni mia nne, na bado ilitoka jasho. Mwenye atakuja kwenye televisheni kutuahidia «simu ya Kikongo» mumuulize kodi imeandikwa na nani, na inasomeka wapi. Lakini ile Huawei ilitufundisha haiombi mabilioni: simama juu ya kitu ambacho ni cha wote, na uwe na njia ya pili mbele ya ile ya kwanza kufungwa. Kuko mambo matatu tunaweza kuanza.

La kwanza ni kudai. Inchi hii iko na Code du numérique tangu tarehe 13 Machi 2023. Vizuri. Tuwaulize wadepite wetu: programu inayolipwa kwa pesa ya raia, juu ya nini kodi yake isikuwe wazi? Huduma ya serikali, iwe ya kodi, ya karatasi za kuzaliwa ao ya kuingia iniversite, isiwekwe ndani ya duka la Google ao la Apple peke yake. Ifunguke ndani ya kivinjari chochote, na ipatikane hata kwa kupiga nyota na reli kwenye kale kasimu ka batani ka mama ya muji. Ikifungiwa ndani ya duka moja, mutu wa Washington ao wa Beijing anaweza kuamua siku gani Mukongomani hataomba karatasi yake.

La pili linahusu sisi wenyewe. Harakati yetu mingi inaishi ndani ya WhatsApp na Facebook. Tukifungiwa leo jioni, kesho tutaitana namna gani? Kila kikundi cha muji kiandike namba za watu wake inje ya WhatsApp, kwenye daftari lililofichwa vizuri kama inabidi. Kila avenue iwe na mutu mumoja anayejulikana, mwenye anaweza kutembea kwa miguu kupeleka habari. SMS tusiisahau. Hii haiko teknolojia ya kuonea haya. 

La tatu ni kwa wenzangu waliosoma informatike na wamekaa kwenye barza wakingoja ofisi iite. Mingi ya tuliyosoma ilikuwa namna ya kutumia vitu vya wengine: bonyeza hapa, sajili pale. Kodi ya Android ya wazi iko bure kwa kila mutu. Ya OpenHarmony, ile sehemu ya musingi ambayo Huawei ilitoa kwa shirika la OpenAtom mwaka wa 2020, nayo inasomeka. Kuko mifumo kama LineageOS inayopa simu ya zamani maisha ya pili wakati kampuni yake imeitupa, na katika miji ambamo watu wengi wananunua simu za okazioni, hiyo inaweza kuwa kazi yenye kulisha. Kikundi cha watu watano, ordinatere mbili na mega za kuchanga, kinaweza kuanza mwezi huu. Hatuta­kuwa Huawei. Tutakuwa watu wenye wakifungua simu wanajua mule ndani munatembea nini, na katika inchi hii watu wa namna ile ni wachache sana.

Na wewe ambaye unataka tu kununua simu: siku muuzaji anakupa Huawei nzuri, kamera kali, bei chini, iwashe mbele ya kutoa dola yako. Uangalie kama Play Store iko. Kama haiko, simu inaweza kuwa bado nzuri, na WhatsApp unaweza kuitoa moja kwa moja kwenye tovuti yake. Lakini ununue ukiwa unajua unaingia nyumba ya nani, na nani anashika ufunguo.

Huawei ilingoja paka ikafukuzwa ndani ya nyumba njo ikaharakisha kujenga yake. Ilikuwa na pesa za kulala inje miaka mitano. Sisi hatuna, kwa hiyo tuanze wakati mulango ungali wazi.