SHERIA YA TABIANCHI NA SISI WATU WA PWANI



Vijana wetu wa darasa la jioni wametuuliza: huu ubishi juu ya sheria ya mabadiliko ya tabianchi watuhusu nini sisi watu wa Kilwa na Lindi? Swali lao ni jema, nasi twapenda kulijibu kwa kadiri ya fahamu zetu.

Ifahamike kwanza kwamba nchi yetu haikunyamaza katika jambo hili. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 75, imemkabidhi Waziri kazi ya kuchukua hatua kwa kushauriana na wizara nyingine. Wako wasemao kwamba hayo yatosha, na kuwa sheria mpya ni kuongeza ofisi na mishahara tu. Hoja hiyo hatuidharau. Jirani zetu wa Kenya walitunga sheria yao ya pekee mwaka 2016, wakaunda baraza ambalo mwenyekiti wake ni Rais mwenyewe. Na baraza hilo lilikawia miaka kabla ya kushika kazi. Sheria isiyotendeka ni mashua iliyopakwa rangi ikaachwa juu ya mchanga.

Hata hivyo sisi twaelekea upande wa wanaoitaka, kwa sababu moja. Sheria ile ya Kenya haikuishia kwa wakubwa wa Nairobi. Imezilazimisha na serikali za kaunti kuitia kazi ya tabianchi katika mipango yao ya maendeleo, na kutoa taarifa kila mwaka. Wajibu umeshuka hadi karibu na mlango wa raia.

Huku kwetu haja ya jambo hilo ni dhahiri. Januari 2020 mafuriko yaliingia vijijini Kilwa, watu wakafa na wengi wakakosa makazi. Mei 2024 kikaja kimbunga Hidaya na mvua zake, barabara ya Dar es Salaam na Lindi ikakatika Somanga, na wasafiri wakakwama. Hatusemi kwamba dhoruba ni jambo geni, kwani Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952. Lakini wataalamu wamethibitisha kwamba hewa ikizidi joto kwa digrii moja, huweza kuchukua mvuke zaidi kwa kiasi cha asilimia 7, na mvuke huo ndio urudio kwetu mvua.

Tena kuna gesi. Ile ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, na tangu 2004 yapita bombani hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme. Wenye kuitetea husema kwamba moshi wetu ni mdogo mbele ya moshi wa mataifa tajiri, na wasema kweli. Ila ukweli huo haujengi daraja. Pwani itoayo gesi ndiyo hiyo hiyo ipigwayo na mawimbi, na twaona ni haki sheria itamke ni fungu gani la mapato litakalorudi kuinua makalvati, kupanda mikoko na kuwaonya wavuvi mapema kabla hawajatweka tanga.

Basi wazazi, mbunge akija barazani aulizwe hilo fungu, wala asiachwe ajibu juu ya Waziri. Nanyi vijana mnaojua kuandika, liandikeni jibu lake pamoja na tarehe.