Mtihani wa Kusoma Usiwe Mtego



Wengi wetu twalipa karo za watoto walio vyuoni, na wako wenzetu ambao wakitoka kazini jioni huingia darasani wao wenyewe. Kwa hiyo habari za mitihani ya chuo si za walimu peke yao. Zamhusu mfanyakazi, maana karo hutoka katika mshahara wake. Leo nataka tuzungumze juu ya mtihani mmoja tu, nao ni mtihani wa kusoma, ambao mwanafunzi asipoupita hapewi digrii hata kama masomo yake mengine yote ameyashinda.

Jambo hili lilifanyika kweli huko Marekani, katika jimbo la Georgia. Mwaka 1972 vyuo vya serikali ya jimbo hilo vilianza kumtaka kila mwanafunzi wa digrii apite mtihani wa kusoma na wa kuandika insha. Katika mtihani wa kusoma alipewa vifungu kumi vifupi na maswali 54, na muda wake ulikuwa dakika 60. Aliyefikisha saa 45 za masomo bila kupita alilazimishwa kuingia darasa la marudio, na darasa hilo halikuhesabiwa katika digrii yake. Mtihani huo umekwisha kuondolewa, lakini ulidumu miaka mingi na una mafundisho kwetu.

Wako waliosema kwamba mtihani huo ni mzuri, kwa sababu ni aibu kwa chuo kumpa digrii mtu asiyeweza kusoma ukurasa mmoja akaelewa. Wako waliosema kwamba ni dhuluma. Nao walikuwa na sababu. Kijana aliyeingia chuo mwaka 1972 alikuwa ameanza shule kama mwaka 1960, na hata katika Atlanta, mji mkuu wa jimbo, shule za serikali zilikuwa bado zimetengwa kwa rangi mpaka mwaka 1961. Shule ya Mweupe ilipewa fedha, na ya Mweusi ikapewa makombo. Halafu wote wawili wakawekewa karatasi moja na saa moja ukutani.

Maoni yangu ni haya. Kumtaka msomi ajue kusoma si kosa. Kosa ni kumpima mtu kwa kitu ambacho hukumfundisha. Sisi twajua mtihani wa ufundi wa daraja la tatu. Nani kati yetu ampelekaye kijana kwenye mtihani wa umeme kabla hajashika koleo? Kwanza humweka karibu na fundi, akamwonyesha waya, akamwacha ajaribu, akamsahihisha. Mtihani huja mwisho, kuthibitisha kazi iliyokwisha fanyika. Chuo kinachotoza karo miaka miwili, kisha kikamwambia mwanafunzi hajui kusoma, kimejitangazia aibu yake chenyewe.

Sasa, mwanafunzi atayarishweje? Iko njia ya mkato, nayo ni kukaririshwa karatasi za zamani na kufundishwa namna ya kubahatisha majibu. Njia hiyo huuzwa kwa bei, na mfanyakazi ndiye anunuaye. Yaweza kumsaidia mtu kuzoea saa na umbo la maswali, lakini haimfanyi msomaji. Maswali ya Georgia yalikuwa ya aina nne: maana ya neno, jambo lililosemwa waziwazi, jambo linalofahamika bila kusemwa, na namna mwandishi alivyoyapanga maneno yake. Hayo hayakaririwi. Yataka mazoezi ya kila siku.

Tuchukue mfano tuujuao. Tuseme tangazo limebandikwa langoni: “Kampuni itafikiria kuongeza mishahara hali ya biashara itakaporuhusu.” Kwanza, neno “itafikiria” maana yake nini? Si “itaongeza.” Pili, limesemwa nini waziwazi? Kwamba watafikiri. Tatu, ni jambo gani halikusemwa lakini lafahamika? Kwamba hakuna ahadi, hakuna tarehe, na mwenye kuamua kama hali yaruhusu ni tajiri mwenyewe. Nne, kwa nini limeandikwa hivyo, na kwa nini limebandikwa wiki hii ya mazungumzo na chama? Mtu awezaye kujibu hayo manne yuko karibu sana kuupita mtihani wa chuo. Na asiyeweza, hata akiwa na digrii ukutani, atashangilia tangazo tupu.

Basi mwanafunzi asome kila siku kifungu kimoja, habari za sayansi leo, za historia kesho, za biashara kesho kutwa. Kila aya aiseme kwa maneno yake mwenyewe. Neno geni kwanza alitafutie maana katika maneno yaliyo jirani nalo, ndipo afungue kamusi. Baada ya miezi kadhaa aweke saa mezani, maana maswali 54 kwa dakika 60 ni dakika moja na kidogo kwa kila swali, na vifungu vyenyewe bado havijasomwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Kuna mfano mwingine ambao chama cha wafanyakazi hakifai kuusahau. Katika jimbo la South Carolina, Mweusi aliyetaka kupiga kura na hakuwa na mali ilimpasa asome sehemu ya katiba mbele ya karani. Huo ulikuwa mtego wa makusudi. Mwezi wa Januari 1957, katika kisiwa cha Johns Island, Esau Jenkins na Septima Clark walianzisha darasa la jioni la watu wazima, wakisaidiwa na Highlander, shule ambayo tangu miaka ya 1930 ilikuwa ikifundisha wafanyakazi wa vyama. Mwalimu alikuwa Bernice Robinson, mama aliyefanya kazi ya kusuka nywele. Hakuanza na vitabu vya watoto. Aliwauliza watu wanataka kusoma nini, akawafundisha kwa karatasi zilezile za kujiandikishia kura na fomu za kutuma fedha. Wakajifunza, wakajiandikisha. Madarasa ya namna hiyo yakaenea majimbo mengine, na mwaka 1965 sheria ya Marekani ikaizuia mitihani hiyo ya wapiga kura.

Kwa hiyo natoa madai matatu. La kwanza, chuo chochote kitakachoweka mtihani wa kusoma kimpime mwanafunzi mwaka wa kwanza, kikamfundishe mapema, na mafunzo hayo yasitozwe karo nyingine. La pili, tajiri amruhusu mfanyakazi anayesoma jioni kupata nafasi siku za mtihani bila kumkata mshahara, na jambo hilo liandikwe katika mapatano yetu. La tatu ni letu wenyewe: kila tawi liwe na jioni moja kwa wiki ya kusoma pamoja, wazazi na watoto, kwa karatasi zetu wenyewe, kama mapatano, hati za mshahara na matangazo ya langoni.

Sheria ya Kazi ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yasema kwamba mfanyakazi asiyejua kusoma, au asiyeielewa lugha ya mkataba, ni lazima tajiri ahakikishe ameelezwa mkataba huo kwa lugha anayoielewa. Ni ulinzi mwema. Lakini angalieni, mwenye kupewa kazi ya kueleza ni tajiri yuleyule aliyeuandika. Afadhali macho yako mwenyewe.

Makatibu wa matawi, tafuteni chumba na taa. Wanachama, leteni karatasi.