Mafuriko Mbale: Msaada hufika jikoni, haufiki shambani

Usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilivunja kingo zake mjini Mbale, mashariki mwa Uganda, na zaidi ya watu 20 wakapoteza maisha. Kama ilivyo desturi, Ofisi ya Waziri Mkuu, yenye dhamana ya maafa, ilipeleka chakula kwa walionusurika.

Kwa mkulima wa Busiu, kusini mwa mji huo kwenye barabara ya Tororo, unga na maharagwe ya msaada hutosha siku chache tu. Mto Manafwa hushuka kutoka Mlima Elgon, hupita katika tambarare hizo na kuendelea hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Doho, wilayani Butaleja. Maji yakifurika mwishoni mwa Julai, huyakuta mahindi ya msimu wa kwanza yakingoja kuvunwa. Anachokihitaji mkulima wakati huo ni mbegu na fedha za kulima tena kabla mvua za msimu wa pili hazijapita.

Nchini Marekani, waziri wa kilimo akiitangaza wilaya kuwa eneo la maafa, mkulima wake hupata haki ya kuomba mkopo wa dharura wa serikali. Uganda haina mlango kama huo. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2015 inaagiza asilimia 0.5 ya bajeti ya mwaka uliotangulia itengwe katika Mfuko wa Dharura. Kwa bajeti ya shilingi trilioni 48.1 ya mwaka 2022/23, hiyo ni takriban shilingi bilioni 240. Lakini hakuna kifungu kinachompa mwenye shamba lililosombwa haki ya kudai chochote. Anapewa kadiri wakubwa watakavyoona inafaa. Na imani katika ugawaji huo ilitikisika mwaka 2023, mawaziri watatu walipofikishwa mahakamani kuhusu mabati yaliyokusudiwa wananchi wa Karamoja.

Ipo bima ya kilimo, iliyoanzishwa mwaka 2016. Serikali humlipia mkulima mdogo nusu ya ada, na hadi asilimia 80 katika maeneo yenye hatari kubwa. Mpango huo ni mzuri, ila umewanufaisha zaidi wanaokopa benki. Mwenye ekari moja ya ardhi ya kimila, isiyo na hati, ni nadra kuwa miongoni mwao.

Wengi wao hukopa kupitia Mpango wa Maendeleo ya Parishi (PDM), uliozinduliwa Februari 2022. Kila parishi hutengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya hukopeshwa hadi milioni moja kwa riba ya asilimia 6. Hapa ndipo tatizo linapouma: maji hubeba mahindi yaliyopandwa kwa fedha hizo na kuliacha deni. Kusamehe au kuahirisha madeni ya waliothibitika kufurikiwa kungegharimu kidogo kuliko malori ya unga, na orodha ya wakopaji tayari ipo mikononi mwa parishi.

Nani aamue? Ibara ya 249 ya Katiba ya mwaka 1995 inaagiza kuundwa kwa Tume ya Kujiandaa na Kukabiliana na Maafa. Kazi hiyo bado inafanywa na idara iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, mjini Kampala.