Bakshishi ya masaji: asante, deni au rushwa?

MIEZI michache iliyopita nilikuwa katika hoteli moja hapa Kamembe, jina lake naliweka kapuni, nikisubiri zamu yangu ya kukandwa mgongo. Sisi tunaovuka daraja la Rusizi ya Kwanza na mizigo tunajua mgongo unavyomwadhibu mtu, na siku hizi masaji si anasa ya wazungu peke yao.

Aliyenitangulia alikuwa mfanyabiashara mwenzetu aliyevuka kutoka Bukavu. Kilichotutenganisha ni pazia tu, kwa hiyo nilisikia yote. Kabla hata hajavua shati aliweka noti ya dola 20 mezani, akamwambia binti mkandaji: "Dada, hiyo ni matabishi yako. Utajua mwenyewe la kufanya."

Binti akamjibu kwa adabu: "Papa, masaji umekwisha kuilipia pale mapokezi. Hiyo iweke kwanza. Ukiridhika na kazi, utanipa tukimaliza."

Jamaa alitoka amefura, akilalamika kuwa amedharauliwa. Msimamizi hakuuliza kilichotokea. Alimfokea binti mbele yetu sote kwamba mteja ni mfalme. Zamu yangu ilipofika alinikanda vizuri, ila mikono yake ilikuwa ikitetemeka. Nilipomaliza kuvaa nikampa faranga 2,000. Hakuzipokea papo hapo. Aliniuliza: "Mzee, hizi ni za nini?"

Nikamwambia ni asante tu. Niliporudi baada ya wiki mbili niliambiwa hayupo tena kazini.

Ndugu msomaji, swali lile ndilo lililonifanya nishike kalamu. Binti yule hakuwa na kiburi. Alitaka kujua anapokea nini, na sisi wateja wake ndio tumeivuruga maana ya bakshishi mpaka mpokeaji anaiogopa.

Tazama majina tunayoipa fedha hii. Ng'ambo ya mto wanaiita matabishi, neno lililotokana na Kireno, matabicho, yaani kuua mdudu: kile kitu cha kufungulia kinywa asubuhi. Wabelgiji na Wafaransa husema pourboire, maana yake ya kunywea. Wajerumani, waliotutawala kabla ya Wabelgiji, husema Trinkgeld, na maana ni ile ile. Mimi niliyekulia Kigoma nikarejea nyumbani mwaka 1996 niliizoea kwa jina la chai. Hapa kwetu ni fanta. Bakshishi peke yake ndiyo haina kinywaji ndani yake. Neno hilo asili yake ni Uajemi, na maana yake ni zawadi.

Ubaya ni kwamba rushwa nayo hunywa katika glasi hiyo hiyo. Anayekwambia "nipe chai" barabarani hana kiu. Anayeomba akantu, yaani kitu kidogo, ofisini naye anajua anachoomba. Wazee wa hapa wanaikumbuka inzoga y'abagabo, ile pombe waliyopewa watu waliokaa kuamua shauri. Ilianza kama shukrani kwa wazee walioacha shughuli zao. Baadaye ikawa deni, na asiye na pombe akaona afadhali anyamaze na shauri lake.

Ndiyo maana wapo wenzetu wasiotaka hata kusikia neno bakshishi. Kwao kila noti inayotoka mkono hadi mkono ni rushwa. Siwalaumu. Sheria namba 54/2018 ya tarehe 13 Agosti 2018 haina mzaha: anayeomba, anayepokea au anayetoa manufaa haramu anakabiliwa na kifungo cha zaidi ya miaka 5 hadi miaka 7, na faini ya mara 3 hadi 5 ya thamani ya manufaa hayo. Mfanyabiashara anayepita mpakani kila siku lazima awe na hofu hiyo kichwani.

Lakini hofu isitufanye tushindwe kutofautisha. Kwa mtazamo wangu viko vipimo vitatu, na mtu hahitaji kwenda shule ya sheria ili avitumie.

Kwanza ni wakati. Asante huja baada ya kazi. Ikitangulia inakuwa na masharti, hata kama hayakutamkwa. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi, na methali hiyo ndiyo inayowaharibu wengi: wanadhani bila kutanguliza kitu hawatahudumiwa. Huduma uliyoilipia mapokezi ni haki yako tayari.

Pili ni mamlaka. Jiulize, huyu ninayempa ana uwezo wa kuninyima haki yangu? Ofisa wa forodha anao. Muuguzi anao. Anayegonga muhuri kwenye jeto yako anao. Hao usiwape kitu, si kabla wala baada, hata soda. Mkandaji hana mamlaka juu yako. Ukimpa faranga 2,000 baada ya kazi, hujanunua uamuzi wa mtu yeyote.

Tatu ni uwazi. Je, ungeitoa fedha hiyo mbele ya mkeo au mumeo? Mbele ya mwajiri wake? Waliokaa pwani ya Tanzania wanajua jinsi mwimbaji wa taarabu anavyotunzwa. Mtu huinuka, hutembea ukumbi mzima na noti mkononi, kila mtu anaona. Mcheza kwao hutunzwa, na hutunzwa hadharani.

Sasa zipime zile dola 20 za mwenzetu. Zilitangulia kazi. Zilitolewa nyuma ya pazia. Na katika kipimo cha pili mambo yaligeuka: aliyekuwa na nguvu ni mtoaji. Alijua kwamba binti ana mshahara mdogo na msimamizi anayemwogopa mteja. "Utajua mwenyewe la kufanya" si maneno ya shukrani. Ni kumtaka mtu auze kisichouzwa, kisha lawama imwangukie yeye. Na kweli ilimwangukia.

Wanaofanya kazi hii wamejifunza misuli ilivyo na mishipa inavyopita. Kule Kigali wapo vipofu waliofundishwa masaji na wanaishi kwa mikono yao. Na kazi yenyewe si ngeni kwetu. Mama zetu walikandwa kwa maji ya moto baada ya kujifungua, na aliyewakanda aliondoka na doti la kanga au kapu la chakula. Hakuna aliyemtania.

Nije kwa ndugu zangu mliorejea kutoka nchi za mbali. Kila mmoja amekuja na desturi ya alikotoka. Aliyeishi Marekani huhesabu asilimia 15 au 20 bila kufikiri. Basi ajue sababu yake. Kule sheria ya shirikisho inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 kwa saa, na kiwango hicho hakijapandishwa tangu mwaka 1991. Bakshishi ndiyo inayojaza mshahara. Aliyeishi Ufaransa amezoea huduma kuwa ndani ya bei, anaacha sarafu chache mezani. Aliyetoka Japani hatoi kabisa, kwa sababu kule mhudumu anaweza kukukimbilia akurudishie chenji yako.

Hakuna kati ya desturi hizo iliyozaliwa Kamembe. Nimemwona ndugu yetu wa ughaibuni akiacha noti ya faranga 5,000 na nyingine juu yake kwa masaji ya nusu saa, kisha akapiga picha. Alikuwa na nia njema. Lakini kesho yake mama anayeuza sambaza, aliyeweka akiba mwezi mzima ili akandwe kiuno, alikaa kwenye benchi huku wateja wenye sura ya dola wakiitwa kwanza. Ukarimu usio na kipimo humpandishia bei jirani yako.

Basi mtu atoe kiasi gani? Tuseme masaji ya saa moja ni faranga 15,000. Mimi naona faranga 1,000 hadi 2,000 zinatosha, yaani karibu sehemu moja ya kumi. Kama mkandaji amekushughulikia goti lililokusumbua mwaka mzima, ongeza. Kama kazi haikuridhisha, usitoe, ila mwambie kwa upole wapi alikosea. Na kama huna, huna. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Neno "murakoze" kwa mtu aliyekukanda saa nzima nalo lina uzito wake, na hakuna mkandaji mwenye haki ya kukununia.

Kwenye maji moto mambo ni tofauti kidogo. Kwa miaka mingi watu wamekwenda kwenye amashyuza ya upande wa Bugarama kuloweka viungo, na wale wa Rubavu wana yao Nyamyumba, ambako vijana hukukanda kwa maji hayo hayo. Pale hakuna mapokezi wala bei ukutani. Kwa hiyo patana kwanza. Bei mliyopatana ni malipo ya kazi, wala usiipunguze mwishoni kisha ukaiita fanta. Bakshishi ni kile unachoongeza juu yake.

Namna ya kutoa nayo ina adabu yake. Usimwekee mtu noti kwenye nguo yake. Usiiache kitandani kama mtu anayekimbia. Mpe mkononi mkiwa mmesimama, umekwisha vaa, na useme ni ya nini. Kama mkandaji ni kipofu, mtajie kiasi unapompa: "Hii ni elfu mbili." Ni jambo dogo, lakini linamwondolea shaka ya kuulizia wengine amepewa nini.

Usimpe dola iliyochanika. Wote tunaovuka mpaka tunajua kwamba noti yenye tundu dogo tu hukataliwa Bukavu, na hapa mvunja fedha huipunguzia thamani. Wapo wateja wanaotumia bakshishi kama jalala la noti walizoshindwa kuzitumia. Sarafu za Ulaya ndizo mbaya zaidi, hakuna duka la kubadilisha fedha linalozipokea. Unamwachia binti wa watu chuma cha kuchezea watoto, nawe unaondoka ukijiona mkarimu.

Kuna na hili la simu. Siku hizi wengi tunalipa kwa MoMo. Ukiongeza faranga 2,000 kwenye namba ya malipo ya hoteli, fedha hiyo inaingia kwa mwenye hoteli. Mkandaji anaweza asiione kabisa. Uliza kwanza. Kama kuna utaratibu wa kugawana, vizuri, kwa sababu anayefua yale mataulo naye ametoa jasho. Kama hakuna, mpe mkononi.

Wenye hoteli nao nina neno kwao. Bakshishi ni ya mfanyakazi, si sehemu ya mshahara mnaopaswa kumlipa. Kima cha chini cha mshahara cha faranga 100 kwa siku kilichowekwa enzi za kina baba zetu kiligeuka kichekesho zamani sana. Sheria ya kazi ya mwaka 2018 ikasema kiwango kipya kiwekwe kwa amri ya waziri, na miaka ikapita tukikisubiri. Katika pengo hilo wapo waajiri wanaomwambia binti siku ya kwanza kazini: "Mshahara ni mdogo, lakini wateja watakupa." Ukisema hivyo umemweka chini ya kila mteja anayeingia na noti mkononi. Ule utetemekaji wa mikono niliouona ulianzia hapo.

Kila chumba cha masaji kiwe na bei iliyoandikwa, kwa Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa, ili mgeni wa Bukavu na aliyerejea kutoka Tanzania wote waielewe. Chini yake iandikwe kwamba bakshishi si lazima, na hutolewa baada ya huduma. Na msimamizi akisikia malalamiko, amsikilize mfanyakazi wake kabla ya kumfokea. Mteja si mfalme wa mwili wa mtu mwingine.

Mwenzangu niliyemsimulia kisa hiki alinicheka. "Mukubwa," akaniambia, "unaandika gazetini habari ya noti mbili?" Nikamjibu kwamba kuna mtu aliyepoteza kazi kwa ajili ya noti moja, nasi tuliokuwa kwenye benchi hatukusema kitu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilisikia yote nyuma ya pazia, na msimamizi alipokuwa akifoka niliinamisha macho kwenye simu yangu. Faranga 2,000 nilizompa baadaye huenda zilikuwa za kunyamazisha dhamiri yangu kuliko za kumshukuru.

Kwa hiyo safari ijayo ukitia mkono mfukoni, jiulize swali la binti yule: hizi ni za nini? Kama unaweza kulijibu kwa sauti, mlango ukiwa wazi na watu wakisikia, toa. Kama huwezi, rudisha mfukoni.