Bodi Haijafa, Soma Mstari wa Kwanza

Joto limeanza kupungua, madirisha yanafunguliwa usiku, na watoto wamezitoa tena bodi zao za Arduino kabatini. Na barua nazo zimeanza kuja. Nyingi zinafanana: mtoto alinunuliwa bodi, siku ya kwanza akawasha taa ndogo na nyumba nzima ikashangilia, siku ya pili akajaribu jambo kubwa zaidi, skrini ikajaa Kiingereza kirefu cha kutisha. Mzazi anauliza: bodi imeharibika? Tununue nyingine?

Msinunue. Hela hizo wekeni. Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya maandishi hayo ya kutisha, kwa sababu nimeona watoto wenye uwezo wakiacha kazi hii si kwa kushindwa kuifanya, bali kwa kudhani wametukanwa na mashine.

Kosa linatokea wapi?

Programu za Arduino huandikwa kwa lugha ya C++. Chipu iliyo juu ya bodi haijui C++, inajua namba tu. Katikati yao kuna mkalimani anayeitwa kompaila: anachukua maandishi ya mtoto, anayasoma tangu juu hadi chini, na kuyageuza namba. Wazo hili si geni. Mmarekani Grace Hopper alitengeneza mkalimani wa namna hii, uitwao A-0, mwaka 1952.

Jambo la kushika ni hili: mkalimani anakaa ndani ya kompyuta, si ndani ya bodi. Akikwama, hakuna chochote kilichofika kwenye bodi. Ukitaka ushahidi, chomoa waya wa USB, weka bodi mezani mbali kabisa, kisha bonyeza alama ya tiki kwenye programu ya Arduino. Kama makosa yanatokea vilevile, bodi yako haina hatia.

Hapa Ruwi nina jirani, baba wa mtoto wa kike wa miaka 15, anayekaa upande wa Hamriya. Kila mkaazi wa Maskati anayajua maji ya tangi la juu ya paa wakati wa kiangazi: ukifungua bomba la baridi yanatoka ya moto. Bibi yake huyu binti aliwahi kuungua mkono. Binti akaamua kutengeneza kipimo kitakachoonyesha joto la maji ya tangi kabla bibi hajaingia kuoga. Alitumia kihisi cha DS18B20, kile kilichofungwa ndani ya kijiti cha chuma ili kiingie majini. Chaguo zuri, maana kinapima hadi nyuzi 125 za Selsiasi.

Programu haikukubali. Baba akanunua bodi ya pili katika duka moja la huku mjini. Ikagoma vilevile. Alipokuja kwangu alikuwa njiani kwenda kununua ya tatu, na binti alikuwa ameshasema mwakani hatachagua masomo ya kompyuta skuli. Aliniuliza kwa sauti ndogo, "Ami, labda mimi sina akili ya mambo haya?"

Nikamwambia, "Mwanangu, akili unayo. Hebu nisomee mstari wa kwanza wenye neno 'error'. Wa kwanza tu, mingine iache."

Makosa matatu, moja baada ya jingine

Mstari ulisema: "OneWire.h: No such file or directory". Maana yake ni kwamba programu imeomba faili ambalo kompyuta hii haina. Kihisi hicho kinahitaji maktaba mbili, OneWire na DallasTemperature, nazo haziji pamoja na programu ya Arduino. Unafungua sehemu ya maktaba, unaandika jina, unabonyeza kusakinisha. Tukafanya hivyo kwa zote mbili.

Akabonyeza tiki. Safari hii mistari ikawa mingi kuliko mwanzo, na uso ukamwanguka. Mstari wa kwanza ulisema "stray '\342' in program". Hili wazazi mliweke akilini, kwa sababu linatoka kwenye simu zetu. Alinakili kipande cha programu kutoka kwenye ujumbe wa rafiki yake, uliopitia programu ya kuandikia barua. Programu za namna hiyo hupenda kuzirembesha alama za kunukuu, zikawa zimepinda. Kompaila anataka zile zilizonyooka tu. Alama mbili zilizopinda zilizaa malalamiko zaidi ya sita! Akazifuta, akaziandika upya kwa kibodi, na yote yakaondoka kwa pamoja.

Ndiyo maana nasema soma wa kwanza. Kompaila ni kama msomaji aliyekosea neno mwanzoni mwa hadithi: kila kinachofuata hakimwingii. Makosa ishirini kwenye skrini mara nyingi ni kosa moja na watoto wake kumi na tisa.

La tatu lilikuwa "'jotomaji' was not declared in this scope". Yaani: jina hili silijui. Juu ya programu aliandika jotoMaji, kwa M kubwa, na chini akaandika jotomaji. Kwetu sisi ni neno moja, kwa C++ ni maneno mawili yasiyojuana. Wakati mwingine kompaila mwenyewe hupendekeza jina sahihi mstari unaofuata, ukiwa na subira ya kusoma.

Usiku ule namba ikatokea: joto la maji kwenye kikombe cha chai, kwa majaribio. Baba akarudi nyumbani na bodi mbili nzima. Na ile ya tatu ikabaki dukani.

Mengine mtakayokutana nayo

"Expected ';' before..." ni nukta mkato iliyosahauliwa. Hapa kuna mtego: kompaila atakutajia, kwa mfano, mstari wa 12, nawe utautazama hadi macho yaume bila kuona kasoro. Tazama wa 11. Yeye hugundua kwamba alama haipo pale tu anapokutana na neno linalofuata.

"Expected '}' at end of input" ni bano la kupinda lililofunguliwa na halikufungwa. Weka kishale cha kuandikia kando ya bano na programu itakuonyesha mwenzake. Usipomwona mwenzake, umempata mkosaji.

"Redefinition of 'void setup()'" maana yake programu ina setup mbili. Hutokea mtoto anapobandika mifano miwili, mmoja chini ya mwingine. Setup iwe moja na loop iwe moja, na yaliyomo yaunganishwe ndani yake.

Kisha kuna kosa ambalo si la mtoto kabisa. Wanaotumia bodi za ESP32 wakifuata somo la zamani wataambiwa kwamba ledcSetup haijulikani. Wameandika sawasawa, herufi kwa herufi. Toleo la 3.0 la programu za bodi hizo, lililotoka mwaka 2024, liliondoa amri hiyo pamoja na ledcAttachPin, na mahali pake ikawekwa moja iitwayo ledcAttach. Mtoto akikwambia "nimefuata kila kitu kama kilivyo," msikilize. Huenda anasema kweli. Tazameni tarehe ya somo kabla ya kumtazama yeye.

Bodi inapohusika kweli

Kama tiki imepita bila kosa lakini kishale cha kupakia kinagoma, hapo sasa tumetoka kwa mkalimani tumeingia njiani. Ukiona neno "avrdude" na maneno "not in sync" au "programmer is not responding", kompyuta inaita na bodi haiitikii. Anza na waya: nyaya nyingi za bei nafuu ni za kuchajia tu, zinapitisha umeme na hazipitishi data. Taa ya bodi itawaka na bado hakuna kitakachopita. Jaribu waya mwingine. Kisha hakikisha umechagua aina ya bodi na poti iliyo sahihi. Bodi nyingi zisizo za Arduino wenyewe hutumia chipu ya CH340 kuzungumza na kompyuta, na baadhi ya kompyuta zinahitaji kusakinishiwa draiva yake kwanza. Ukimaliza haya yote bila mafanikio, ndipo uishuku bodi.

Kazi ya mzazi asiyejua programu

Wengi mnaniandikia mkisema hamwezi kumsaidia mtoto kwa kuwa hamjui kitu. Mnaweza. Fikirini hali ya mtoto wa hapa Maskati: kwa bibi anazungumza Kiswahili, skuli Kiarabu, na kompyuta inamsemesha Kiingereza cha mafundi. Wa kwenu huko Leicester au Toronto anajua Kiingereza vizuri, lakini hata kwake "scope" ya kompaila si neno la uani. Kaa naye, umwulize kwa Kiswahili maswali matatu: Mstari wa kwanza unasemaje? Unataja mstari wa ngapi? Kabla haijagoma ulibadilisha nini? Akilazimika kukueleza wewe kwa Kiswahili, mara nyingi anaona kosa kabla hajamaliza sentensi.

Mruhusu pia ayape majina yake ya Kiswahili mambo yaliyomo ndani ya programu: jotoMaji, taaNyekundu, mudaWaKusubiri. Kompaila hajali, ila maneno ya lugha yenyewe yabaki kama yalivyo. Na mfundishe kubadilisha jambo moja tu, kisha abonyeze tiki, kabla ya kugusa la pili.

Arduino ilianza mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi wa usanifu ambao hawakuwa wahandisi. Ilitengenezwa kwa watu wasiojua, ili wajue. Maandishi yale marefu hayamwambii mtoto kwamba hana akili. Yanamwambia mstari wa ngapi.

Mkikwama, niandikieni. Ila msinipigie picha ya skrini kutoka upande. Nitumieni programu nzima kama maandishi, aina ya bodi, na ule mstari wa kwanza wa kosa. Mwezi ujao, inshallah, tutazungumza juu ya kutumia mita ya umeme: jinsi ya kujua kama waya umekatika ndani bila kuupasua.