MICHEZO: MRUSHAJI ANAVYOWASOMA WALINZI

Ndugu msomaji, mwezi huu tuutazame mpira wa Wamarekani. Mchezo huu si kandanda tunayoijua sisi. Mpira wenyewe una umbo la yai. Wachezaji huushika kwa mikono na kukimbia nao. Huvaa kofia ngumu, kwa sababu hugongana kwa nguvu. Kila timu ina wachezaji 11 uwanjani.

Timu yenye mpira hupewa nafasi 4 za kusonga mbele yadi 10. Yadi 10 ni karibu mita 9. Ikifaulu, hupewa nafasi nyingine 4. Ikishindwa, timu ya pili huuchukua mpira. Ikiufikisha mwisho wa uwanja, hupata pointi 6.

Kiongozi wa timu yenye mpira huitwa kwotabaki. Hapa tutamwita mrushaji, maana kazi yake kubwa ni kuwarushia wenzake mpira. Ruhusa ya kuurusha mbele ilitolewa mwaka 1906. Kabla ya hapo mchezo ulikuwa wa kusukumana. Vijana wengi waliumia, na wengine walikufa.

Je, mrushaji anajuaje amrushie nani? Anajua kwa kusoma. Hasomi herufi kama wewe. Anasoma mahali waliposimama walinzi.

Kwanza, huwatazama walinzi wa nyuma kabisa. Wakiwa wawili, wamegawana uwanja wa nyuma. Basi huenda pakawa na nafasi katikati yao. Akiwa mmoja tu, yeye hukaa katikati. Basi walinzi wa pembeni hawana msaada mkubwa.

Pili, humwambia mwenzake mmoja ahamie upande wa pili. Mlinzi akimfuata, huenda kila mlinzi amepewa mtu wake. Asipofuatwa, huenda kila mlinzi analinda eneo lake, kama wakulima waliogawiwa ngwe.

Tatu, huwahesabu walinzi waliosogea karibu. Wakiwa wengi kuliko wenzake wanaomkinga, atavamiwa. Hapo hujiandaa kuutoa mpira upesi kwa mtu wa karibu.

Lakini walinzi nao si wajinga. Husimama hivi, na mchezo ukianza hukimbilia kwingine. Kwa hiyo mrushaji lazima asome tena, na ana kama sekunde 3 tu. Humtazama mpokeaji wa kwanza. Akiwa amezibwa, humtazama wa pili, kisha wa tatu. Wote wakiwa wamezibwa, ni afadhali autupe mpira nje kwa kufuata sheria. Kupoteza nafasi moja si sawa na kupoteza mpira.

Tazama yaliyotokea tarehe 1 Februari, 2015, katika fainali kuu iliyochezwa Glendale, jimbo la Arizona. New England Patriots walikuwa na pointi 28. Seattle Seahawks walikuwa na 24. Zilibaki sekunde 26, na Seahawks walikuwa na mpira yadi 1 tu kutoka mwisho wa uwanja. Ushindi ulikuwa mlangoni.

Seahawks waliamua kurusha. Mrushaji wao, Russell Wilson, alimwona mwenzake akikimbilia ndani. Akaurusha mpira kwake. Lakini mlinzi kijana, Malcolm Butler, alikuwa ameutambua mpango ule. Timu yake ilikuwa imeujaribu mazoezini. Alichomoka mbio, akamtangulia mpokeaji na kuudaka mpira. Seahawks wakalikosa kombe. Mpaka leo watu hubishana. Wengi husema ingefaa wakimbie nao.

Ndugu msomaji, siku ile watu wawili walisoma. Mrushaji alisoma, na mlinzi alisoma. Aliyewahi ndiye aliyeshinda. Nawe ukiwa uwanjani katika kandanda yetu, inua kichwa kabla mpira haujakufikia. Tazama nani amezibwa na nani yuko wazi. Ukisubiri mpaka mpira uwe miguuni, umechelewa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Mrushaji huwatazama nani kwanza?
2. Kwa nini humhamisha mwenzake kabla ya mchezo kuanza?
3. Kama ungekuwa Seahawks, ungerusha mpira au ungekimbia nao? Toa sababu.